Mwali wangu alisubiri ruhusa yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho ndipo unihukumu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, naishi Kwamndolwa hapa Korogwe lakini kwetu ni Handeni, na kwa miaka ishirini na sita nimekuwa somo, yaani nyumba ikiwa na binti aliyevunja ungo mimi ndiye ninayeitwa kumfunda. Kwa jinsi nilivyofundwa mimi, binti anapewa mama mmoja ambaye si mzazi wake, huyo anakuwa somo wake mpaka kufa, na mambo yote ya mwili wake anamwambia huyo tu, hamwambii mama yake, hamwambii mumewe, wala hospitali haendi kwa mambo hayo mpaka somo wake amwambie nenda, na hivyo hivyo nimewafunda mabinti wote waliopita mikononi mwangu, ambao idadi yao siikumbuki.

Kitu cha kwanza ninachompa mwali ni kitambaa cheupe, namwambia kila asubuhi ajipanguse akiangalie, kikitoka kikavu yeye ni msafi, kikitoka na chochote basi hajui kuoga, aingize kidole aoshe mpaka ndani, na asipokauka atumie maji ya shabu, lile jiwe jeupe la kukaza mwili, na kweli wakirudi wananiambia somo nimekauka na mimi nawasifu.

Ikram alikuwa mwali wangu. Mama yake, Maryamu, ni rafiki yangu tangu tuna meno ya utoto, mashamba yetu yamepakana, na aliponipa binti yake nimfunde nilijiona nimepewa heshima kubwa. Ikram aliolewa Hale na kijana anaitwa Adamu, wakapata watoto wanne, wa kwanza Rehani, na mwaka juzi siku chache kabla ya mfungo alikuja kwangu akanisalimia shikamoo somo, nikamwambia marahaba, mbona umekonda, mumeo anakula mpaka sehemu yako? Akacheka sana, halafu akaniambia, "Somo, kitambaa changu hakikauki. Ni majimaji tu kila siku, na nikikutana na baba Rehani natoka damu kidogo." Nikamjibu, "Wewe unaoga kama mtu anayesuuza sufuria kwa nje. Rudi kaoge." Akarudi Hale.

Mara ya pili alikuja baada ya miezi mitatu, hakucheka, akaniambia kwenye maulidi siku hizi anakaa mlangoni ili upepo uchukue harufu, akaniuliza, "Somo, nisiende hospitali?" Mimi nikamwambia, "Ukawaanikie vijana wenye makoti meupe? Ongeza shabu. Siku ya kwenda hospitali nitakwambia mimi." Mara ya tatu alikuja na bodaboda kakaa upande kwa sababu ya kiuno, mguu mmoja umevimba, na mshauri, hata hapo sikumwambia nenda, nilimwambia tuvune kwanza halafu tutaona. Akasema, "Haya, somo." Alikuwa na miaka thelathini na sita na aliitikia kama siku niliyomtoa ndani.

Hatukufika kwenye mavuno. Alianguka shambani anatoka damu, Adamu akamleta hospitali hapa Korogwe, wakampeleka Tanga, wakasema ni saratani ya mlango wa kizazi na imeshatambaa. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda muuguzi alipomuuliza, "Dada, hali hii ilianza lini, na nani alikwambia usubiri?" Ikram akaniangalia, si kwa hasira, akasema, "Hakuna mtu. Ni uzembe wangu mwenyewe." Mimi nilikuwepo na sikufungua mdomo.

Alifariki mwezi wa nne. Mwali akifa somo wake anakuwepo kwenye kumwosha, nikamwosha. Baadaye Maryamu alikuwa anapanga nguo zake akatoa vitambaa vyeupe saba, vimefuliwa, vimekunjwa vizuri, akaniuliza, "Hivi vilikuwa vya nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Huyu mtoto alikuwa anakwambia kila kitu, hili hakukwambia?" Nikasema hakuniambia.

Sasa mshauri, kilichonifanya nikuandikie ni hiki, mimi hedhi yangu ilikoma miaka tisa iliyopita, lakini tangu arobaini ya Ikram ipite naona majimaji yenye rangi kama ya chai ya mkandaa isiyo na maziwa, siku nyingine yana damu kabisa, hii ni wiki ya saba, nimechana kitenge changu vipande najihifadhi navyo, na sijamwambia mtu. Nimwambie nani? Somo wangu, Bi Hamisa, alishafariki zamani, na mimi sijawahi kumwambia mwingine mambo haya. Wakati mwingine nasema niache tu, yeye alisubiri kwa sababu yangu, na mimi nisubiri kama yeye, ndiyo haki. Na mwezi ujao nimeitwa Handeni kufunda mabinti wawili na wenyewe wameshaandaa kila kitu. Je, niende Handeni, nikawaambie nini, na hili langu niliache au nilisemee wapi? Nisaidie.

Somo, Kwamndolwa, Korogwe

JIBU

Somo, pole kwa msiba. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa nisome mimi.

Nianze na mwili wako, kwa sababu huo hausubiri. Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma mwaka mzima au zaidi, akiona damu, hata tone, hata majimaji ya rangi ya waridi au ya kahawia, anatakiwa aonwe na daktari. Hakuna kiasi kidogo cha kupuuza. Wewe una miaka tisa tangu ukome na wiki saba unatoka damu. Kabla ya kukujibu nilimsomea barua yako, bila kutaja mahali, muuguzi wa afya ya uzazi anayeitwa Serafina, ambaye amefanya kazi hiyo miaka kumi na minane. Alisema maneno matatu: "Aje wiki hii."

Huenda si saratani. Wanawake wengi wanaotoka damu baada ya kukoma hedhi hukutwa na ukavu wa uke unaochubuka, au kinyama kidogo kisicho na madhara. Wengine hukutwa na saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba, na kati yao waliowahi wengi hutibiwa. Uko kundi gani, mimi sijui, wewe hujui, na kitenge hakijui. Atajua daktari atakayekuangalia kwa kifaa na, akiona haja, atakata kipande kidogo sana cha hapo ndani kikapimwe. Ukiambiwa kipimo cha siki, kile cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia, kinatosha, sema wazi kwamba unatoka damu na hedhi ilikoma. Kipimo hicho kimewekwa hasa kwa wanawake wenye umri wa kuzaa ambao hawana dalili. Wewe unayo. Na kuanzia leo usiingize kidole, sabuni wala shabu. Usiende umejisafisha ndani ili usione aibu. Daktari anataka kuona kile unachotaka kukificha.

Sasa somo lako la kitambaa. Nitakueleza kama ulivyopaswa kuelezwa ukiwa binti, na naamini Bi Hamisa naye hakuwahi kuelezwa.

Mwanamke ambaye bado anaona siku zake hatakiwi kuwa mkavu. Ute unaotoka ukeni ndio unaousafisha na kuulinda. Katikati ya mwezi huwa mwepesi na wa kuvutika kama ute wa yai bichi, siku za kukaribia hedhi huwa mzito na mweupe, akiwa mjamzito huongezeka. Huo si uchafu na hauhitaji dawa. Nje panaoshwa kwa maji, ndani hapaoshwi. Shabu inachubua na kuua kinga iliyomo, na aliyechubuka hupata maambukizi kwa urahisi. Wale waliorudi kukuambia wamekauka, ukawasifu, walikuwa wanakuletea taarifa ya madhara.

Cha kuangalia ni mabadiliko. Ute ukiganda kama mtindi na kuwasha, mara nyingi ni fangasi, inatibika. Ukiwa wa kijivu wenye shombo kama la samaki, au wa njano au kijani, au wenye povu, ni maambukizi, na mengine ni ya zinaa, kwa hiyo mume naye hutibiwa. Ukiambatana na homa au maumivu chini ya kitovu, asilale nyumbani akisubiri yapite. Mjamzito anayetokwa na maji mengi au damu aende saa hiyo hiyo. Na damu isiyo ya hedhi, hasa baada ya kukutana na mume, majimaji yasiyokwisha, na harufu mbaya, hizo ni dalili za kuangaliwa mlango wa kizazi. Ikram alikuletea zote tatu. Kitambaa hakikuwa na kosa, somo. Kilisema kweli kila mara. Aliyekisoma ndiye aliyekosea.

Hukuniuliza kama angepona, na umefanya vizuri, kwa sababu hakuna awezaye kukujibu. Sitakuambia ungemwokoa. Sitakuambia usingemwokoa. Ninachoweza kusema ni kwamba alikuuliza kwa mdomo wake, nisiende hospitali, nawe ukamjibu kwa dhihaka kuhusu makoti meupe. Hilo litabaki nawe. Nisingekuwa mkweli kama ningelifuta kwa maneno mazuri.

Lakini hili la kusema na wewe usubiri kama alivyosubiri, acha. Hiyo si haki, ni uvivu wa huzuni. Ikram hakusubiri kwa kupenda. Alisubiri kwa sababu alikuamini. Wewe huna mtu anayekuzuia. Ukifa kwa kukaa kimya hutakuwa umemlipa kitu, utakuwa umeongeza maiti ya pili kwenye kosa lile lile, na mabinti wote wenye vitambaa vyeupe kuanzia Hale mpaka Handeni watabaki na mafundisho yako ya zamani, bila mtu wa kuwaambia yamebadilika.

Kwa hiyo Handeni nenda, ila baada ya hospitali. Kama matibabu yatakuzuia, tuma ujumbe wakusubiri. Ukifika, vitambaa wape. Wafundishe kuvisoma: hiki ni cha kawaida, hiki si cha kawaida, hiki ni cha kupanda gari sasa hivi. Waulize wazazi wao kama mabinti wamechanjwa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, na kama hawajui, waende kituo cha afya wakaulize. Waambie mama zao waliofika miaka thelathini wakapime hata kama hawaumwi. Na ile amri ya kusubiri kauli ya somo, iondoe mbele ya watu, kwa mdomo ule ule ulioiweka. Kisha waite wale wa zamani. Umesema idadi yao huikumbuki. Kaa na mtu uwakumbuke, mmoja mmoja.

Amebaki Maryamu. Utamwambia ukweli kuhusu vitambaa vile saba, lakini nakuomba upime kwanza, ili asilazimike kukuonea huruma na kukukasirikia kwa mpigo. Huenda atakufukuza. Huenda hatalima tena upande wa mpaka wenu mkiwa wote shambani. Ana haki hiyo. Usiende kuomba akusamehe, nenda ukajibu swali alilokuuliza. Binti yake amelala akihesabiwa mzembe, na si kweli, na anayejua kwamba si kweli ni wewe peke yako.

Hospitalini muuguzi atakuuliza hali hii ilianza lini. Usiseme juzi. Sema wiki saba. Akikuuliza kwa nini ulichelewa, usiseme uzembe. Mweleze ulivyofundwa, naye atajua cha kumuuliza mwanamke atakayefuata kwenye foleni.

Umeniambia huna wa kumwambia kwa sababu somo wako alishafariki, na mlivyofundwa, mwanamke haendi mpaka aambiwe. Basi mimi si somo wako, ni mwandishi wa gazeti tu, lakini neno lile ambalo Ikram alilifuata kwako mara tatu akarudi Hale bila kulipata, ninalo, nakupa: nenda.