Picha ya Makaburi ya Kimbiji

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanakombo Sadallah. Umri: Miaka 54. Kabila: Mzaramo. Dini: Muislamu. Kazi: Kulima na kuuza mihogo. Makazi: Kimbiji, Kigamboni.

Naapa kwa Mwenyezi Mungu kusema kweli. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe.

Mnamo tarehe 16 Februari 2025, Jumapili asubuhi, nilikwenda makaburini nyuma ya msikiti wetu kusafisha kaburi la mama yangu. Ndiyo desturi yetu kila mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani: tunang'oa majani, tunamwagia kaburi maji, tunasoma Yasini. Nikakuta ukuta unajengwa kuzunguka makaburi yote. Bwana Mfaume, anayejenga hoteli, alikuwepo. Akaniambia, "Shangazi, hapa hajawahi kuzikwa mtu. Nenda nyumbani." Nililia afande, sitakuficha.

Kesho yake akaja binti anaitwa Noela, mpiga picha wa jarida la Upenuni, jarida dogo lisilo na tajiri nyuma yake. Mie nikataka kubadili khanga, nipendeze. Akasema, "Hapana mama, wewe fanya yako kama mie sipo." Akanipiga picha nikimwaga maji. Kisha akapanda mnara wa tangi la msikiti apate eneo zima. Nikampigia kelele, "We mtoto, ukidondoka tutakuzika hapahapa!" Akajibu kutoka juu, "Basi Mfaume atapata kaburi jipya la kulikana!" Tulicheka na machozi yangu.

Jarida lilipotoka, Mfaume akaingiza tingatinga, akasawazisha pote, akamwaga kokoto. Halafu akaja hapa kituoni kulalamika kwamba picha ni za uongo, kwamba yale ni malundo ya mchanga ulioshushwa na tipa. Noela akakamatwa.

Jana nyie maafande mlitupeleka pale sote, Mfaume na Noela wakiwemo. Koplo Isack, mwenzako, akapanda mnarani na ile picha mkononi. Pembe ya msikiti ilikuwa palepale, kisima palepale, kama pichani. Mfaume akang'ang'ania, "Mchanga ule!" Nikamuuliza mbele ya watu, "Mwanangu, baba yako umemzika kwa mikono yako, unajua maiti wetu hulazwa vipi. Tazama picha. Malundo yote yamelala mashariki kwa magharibi, kama tunavyolazwa sie, nyuso kaskazini. Tangu lini mchanga wa tipa ukajua kibla?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye akatazama viatu vyake.

Koplo akaelekeza kutoka juu akifuata picha: sogea kulia, mbele kidogo, simama. Vijana wakafukua kokoto. Kikatoka kibao cha mama yangu, kimepasuka, lakini maandishi yanasomeka. Alhamdulillahi! Wenzangu walitaka kupiga vigelegele, nikawazuia, pale ni makaburini. Tulipovuka ukuta tu, wa kwanza kupiga ni mie.

Noela amerudishiwa kamera yake na yuko huru. Leo asubuhi ukuta umepigwa X nyekundu, unabomolewa. Bila binti yule kupanda mnara, hoteli ingesimama juu ya wazee wetu na sie tungeitwa waongo.

Niliyoyaona ndiyo hayo, sipunguzi wala siongezi. Nimesomewa, nimekubali.

Sahihi ya shahidi: M. Sadallah

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika kama alivyoyasema, kwa hiari yake. Baada ya kusaini, shahidi ameomba lisomeke pia humu jina la mama yake, aliyezikwa katika eneo hilo. Ombi limekubaliwa: Bi. Zuhura binti Mwinshehe.

Koplo Cyprian