Mlinzi Anayeelea

Jaro, Iloilo
Ufilipino, 4 Julai 1993

Inday wangu Jovy,

Mzima wewe? Huko Hong Kong wanakulisha au wanakuonyesha chakula tu? Mimi baba yako ni chuma. Goti la kushoto ndilo linalolalamika, nimeliambia likae kimya, halina cheo kwenye nyumba hii. Tiya Pasing wa jirani anakusalimu. Bado mnene, bado anajua habari za watu kabla wenyewe hawajazijua.

Habari ya hapa ni moja. Kiwanda cha biskuti kimeomba walinzi wapya. Wanataka sura changa getini, eti wateja wakiniona mimi wanadhani na biskuti ni za zamani. Basi Kapteni Braulio, yule mwenye kampuni yetu ya ulinzi, mwisho wa Juni kaniita ofisini, kaninywesha kahawa, kaniambia, "Mogeng, kuanzia leo wewe unaelea." Nikampigia saluti. Nani mwingine kwenye kampuni ile angepiga saluti kwa neno kama hilo?

Usiwe na wasiwasi. Desemba ukija likizo utanikuta palepale getini, kama siku ile unaondoka. Si unakumbuka? Gari la wakala wenu wa kazi za ng'ambo lilikuwa linapita barabarani tu na wewe ndani, wala haliingii kiwandani, mimi nikainua kizuizi na kusimama wima. Bosi Villasis, mwenye kiwanda, akatoka mbio, "Mogeng, unamfungulia nani?" Nikamwambia, "Nyamaza bosi, waziri anapita."

Kula vizuri.
Tatay


Hong Kong
25 Julai 1993

Tatay,

Naushika mkono wako nauweka kwenye paji la uso wangu kwa heshima, ingawa ni kwa karatasi. Mimi mzima, ni vidole tu vimechubuka kwa sabuni. Goti ulisugue na mafuta ya nazi, usiligombeze.

Sasa Tatay, unaelea wapi? Wamekupeleka melini? Wewe ambaye uani kukijaa maji unapita juu ya mabenchi? Hujui kuogelea. Ile siku tulipokwenda kisiwani Guimaras uliokolewa na mama muuza samaki, tena akakutoza. Niambie ni meli gani, na kama wamekupa lile koti la kuvaa meli ikizama.

Nimemwambia binti wa madam, huyu ninayemfanyia kazi za nyumbani, kwamba baba yangu ni baharia. Sasa kila siku anachora meli na wewe juu yake, mkubwa kuliko bomba la moshi. Nimebandika moja pembeni ya godoro langu. Hufanani, lakini nakuangalia.

Inday


Jaro, Iloilo
20 Agosti 1993

Inday wangu,

Barua imenikuta mzima kuliko ilivyokuwa yenyewe, maana ilifika imelowa. Goti limenyamaza.

Meli unaiuliza? Usiulize. Lichukue kanisa kuu la Jaro ulilaze ubavu, halafu uongeze soko. Nahodha hafanyi kitu bila kuniuliza. Wiki iliyopita wamekuja maharamia, wana mapanga na sura mbaya. Nikawasimamisha kwenye ngazi, "Andikeni majina hapa, mnakuja kumwona nani, na vitambulisho muache." Wakatazamana. Wawili hawajui kuandika, nikawaandikia. Tulipofika kwenye "sababu ya kuja" wakaona aibu, wakarudi kwao. Mmoja kasahau panga.

Meli ikitia nanga hapa huwa natembea mpaka kiwandani. Nasimama ng'ambo ya barabara namwangalia yule mpya. Anainua kizuizi kama anafungua kopo la samaki. Halafu harufu ya biskuti za asubuhi inakuja mpaka ninaposimama. Zamani nilikuwa siisikii tena, nimeizoea. Sasa naisikia sana.

Jana kanifukuza. "Mzee, hapa si pa kusimama." Kaniambia mimi.

Tatay


Hong Kong
3 Oktoba 1993

Tatay,

Mkono wako kwenye paji langu. Nina afya, ila usingizi umenikimbia na wewe ndiye umeukimbiza.

Jumapili tulikuwa bustanini, tumetandika maboksi yetu, tunakula. Nikawahadithia kina Delia, wenzangu wa kutoka kwetu, habari za meli na maharamia. Wakacheka mpaka machozi. Delia kaka yake ni mlinzi Bacolod. Alipomaliza kucheka akanishika bega akasema, "Jovy, hakuna meli. Kuelea ndiyo lugha yao. Mlinzi akitolewa kwenye lindo na hajapewa lingine, hafukuzwi wala hafanyi kazi, wanasema anaelea."

Kwa hiyo toka Juni unakaa tu, Tatay. Unakula nini? Usinijibu kwa meli.

Delia anasema kisheria hawaruhusiwi kukuacha hivyo zaidi ya miezi sita. Ikipita bila kupewa lindo, hesabu wamekufukuza, na hapo unawadai haki yako. Nenda ofisi ya kazi ya serikali. Waulize, wewe ni mfanyakazi wa nani.

Mkataba wangu unaisha Januari. Madam ananiuliza kama nitasaini miaka miwili tena. Nilitaka kumwambia hapana. Nilitaka nirudi moja kwa moja, nikupikie, unidanganye ana kwa ana. Lakini kama huna kazi, Tatay, nitamwambia nini?

Inday


Jaro, Iloilo
7 Novemba 1993

Inday wangu,

Mimi mzima. Meli kwa bahati mbaya imezama, hakufa mtu.

Nimekwenda ofisi ya kazi, nimevaa sare, kiatu kinang'aa mpaka mwanamke wa mapokezi kajitazama nywele. Mpatanishi ni mama mmoja mwenye miwani, haogopi mtu. Upande huu bosi Villasis, upande huu Kapteni Braulio, katikati baba yako kama harusi.

Mama akauliza, "Huyu mzee ni mfanyakazi wa nani?"

Bosi Villasis akasema, "Si wetu. Sisi tunailipa kampuni ya ulinzi tu. Mimi huyu namjua kwa sura."

Nikamwambia, "Kwa sura? Bosi, maua ya mkeo nimeyamwagilia mimi. Mbwa wako nimempeleka kwa daktari mimi, akaniuma mimi. Uliponituma hukumwuliza Kapteni. Yule mbwa alijua mimi ni wa kiwanda, wewe hujui?"

Mpatanishi akainamisha uso kwenye meza. Alikuwa anacheka yule.

Akamgeukia Kapteni. Kapteni akakohoa, "Mogeng ni mtu wetu, hatujamfukuza. Ila hatuna pa kumweka." Mama akamwambia, "Basi mtafute pa kumweka kabla Desemba haijaisha. Miezi sita ikipita, nitahesabu mmemfukuza, na tutaongea lugha nyingine."

Nikatoka mle nimenyooka. Unajua Inday, nimesimama miaka yote ile pale getini, hakuna aliyewahi kusema mbele za watu kwamba mimi ni wake. Mama yako tu, Mungu amrehemu, na yeye alisema akiwa amekasirika.

Usisaini bado. Kapteni atanirudisha getini, nakwambia. Kizuizi nitakuinulia mimi.

Tatay


Hong Kong
9 Desemba 1993

Tatay,

Mkono wako kwenye paji langu, na safari hii zimebaki siku chache niushike wenyewe. Mimi mzima, na sanduku langu limejaa. Nimekununulia viatu.

Nisikilize. Acha kesi. Acha kuwafuata Braulio na Villasis. Delia kaniambia hawa wenye kampuni muda ukikaribia kuisha wanampa mtu lindo la mbali kabisa, akikataa wanasema kaacha kazi mwenyewe. Usihangaike nao, Tatay. Nimesaini. Miaka miwili tu. Nitakutumia kila mwezi, wewe ukae nyumbani usugue goti.

Siku zangu kumi za likizo nataka nikukute mlangoni. Hata bila sare.

Inday


Jaro, Iloilo
14 Desemba 1993

Inday wangu,

Mimi mzima, wewe je? Barua hii namwachia Tiya Pasing akupe ukifika, ataisoma kwanza, kwa hiyo Tiya, hujambo.

Kapteni kaja mwenyewe mpaka mlangoni. Lindo limepatikana. Si getini. Ni kule Mindanao, kusini mbali, na ni meli. Haki ya Mungu, Inday, safari hii ni meli. Haiendi popote, imefungwa ufukweni, tumbo lake lote ni mitambo ya umeme. Mimi nitakaa kwenye ngazi yake. Sasa naelea kweli, na koti la kuvaa ikizama wamenipa, limenibana.

Nikamwambia Kapteni, "Binti yangu anakuja wiki ijayo, nipe mpaka Januari." Akasema, "Mogeng, ukiripoti kesho wewe ni mtu wetu. Usiporipoti, umejifukuza." Nimetembea uani nikazunguka weee, mpaka kuku wakanikimbia. Kama nabaki, nakuona siku kumi, halafu unasaini miaka miwili. Kama nakwenda, nina kazi, wewe husaini. Utarudi, na mimi nitaomba likizo kama watu, nije nikukute umeshazoea kulala mpaka jua kali.

Kwa hiyo usisaini. Mwambie madam baba yako ana meli.

Na usilie lie. Umeme wa meli hii unapita chini ya bahari mpaka Jaro. Ukikatika halafu taa ya jikoni ikawaka, ujue ni mimi huku nimeinua kizuizi upite.

Tatay


Jaro, Iloilo
30 Desemba 1993

Tatay,

Mkono wako kwenye paji langu. Nimezunguka nyumba nzima nautafuta. Mimi mzima. Tiya Pasing ananilisha kama naenda kuchinjwa.

Barua yangu ya Desemba nimeikuta chini ya mlango, haijafunguliwa. Sasa nimeifungua mwenyewe, nikaisoma kama ya mtu mwingine. Sikupi lawama, na wewe usinipe. Nimeshasaini, Tatay. Narudi Hong Kong keshokutwa.

Nilitafuta tiketi ya meli ya kuja huko. Sikukuu hizi meli zote zimejaa mpaka Januari. Viatu nimeviweka kitandani kwako, upande wa ukuta, visiibwe na Tiya.

Nilipita kiwandani asubuhi, makusudi, kwa miguu. Yule mpya akaniuliza namtafuta nani. Nikasema, mlinzi. Akasema, "Si ndiye mimi?" Nikasimama kidogo nikanusa biskuti, nikaondoka.

Jana jioni umeme ukakatika, mtaa wote giza. Nimekaa jikoni na Tiya Pasing, hatuna hata mshumaa, kaimaliza yote Krismasi. Tumekaa mpaka wali ukapoa. Halafu taa ikawaka. Tiya akaanza kunieleza kwamba umeme wetu unatoka hapahapa Iloilo, kwamba kutoka Mindanao hakuna waya wowote unaofika huku, kila mtu anajua.

Nikasimama wima katikati ya jiko. Nikamwambia, "Nyamaza, Tiya. Waziri anapita."

Inday