Colby Overbey: Mwaka Tuliokuwekea

Mwaka umetimia, Colby, tangu asubuhi ile ya Julai gari lako lilipoacha njia ukienda mazoezini chuoni. Ulikuwa na miaka kumi na tisa.

Wilaya nzima ilikujua tangu ukiwa shule, ukirusha mpira kwenye kikapu alichokupigilia babu ukutani mwa ghala la tumbaku, mpaka mama yako atoke kukufukuza uje ule. Ulikuwa mpole kupita kiasi. Ukimwangusha mtu uwanjani unamwinua, kisha unamfuata na pole zako mpaka refa anakasirika.

Chuo kilipokuchukua, kocha alituuliza kama ukae nje msimu wa kwanza: ufanye mazoezi tu, usicheze mechi, ili mabega yakishajaa ubaki na miaka minne mizima ya kucheza, kwani chuoni hata dakika moja uwanjani huhesabiwa mwaka. Sisi ndio tuliokubali.

Kazi yako ikawa kuigiza. Kila wiki ulijifanya nyota wa timu inayokuja, wenzako wajifunze kumkaba. Jumapili ukija kula, Bibi Opal hakukosa kukuchokoza.

"Wiki hii we ni nani?"

"Lile jitu la Tennessee, Bibi. Sitoi pasi hata kwa dawa."

"Basi kaa mbali na maharage yangu." Akamgeukia baba yako. "Lyle, huyu mtoto mmemtundika kama paja la nguruwe linalokaushwa kungoja Krismasi. Mtamshusha lini?"

Tulicheka wote, nawe ukacheka kutushinda.

Februari wenzako wawili waliumia, ukapiga simu. Tulikuwa mezani, baba akaongeza sauti ya simu tusikie wote.

"Baba, kocha anasema nikitaka nivae jezi kesho. Mtakuja?"

"Utacheza dakika ngapi?"

"Labda tatu."

"Uchome mwaka mzima kwa dakika tatu? Tulia, mwanangu. Mwakani utacheza mpaka uchoke."

"Jamaa wamebaki wachache. Halafu na mimi nataka, Baba."

"Nimesema tulia."

"Haya, sawa."

Hakuna aliyekutetea. Hata Bibi aliendelea kukata mkate wake wa mahindi. Kesho yake tulikuona kwenye televisheni, umekaa mwisho wa benchi na koti na tai, ukiwapigia wenzako makofi.

Baba yako ametaka iandikwe hivi hivi, bila kupambwa. Sisi wengine tumekubali, maana tulinyamaza. Tunajilaumu, Colby. Tulikupenda mno, tukajiona tuna haki ya kukuwekea akiba siku zako. Watu wanakuja kutuomba mkanda wa mechi yako ya chuo, hata moja tu, wakuone. Tunawaambia hatuna.

Wanaokulilia ni baba yako Lyle, mama yako Rhonda, dada yako Kendra, na Bibi Opal, ambaye Jumapili bado anakutengea sahani na hakuna anayethubutu kuiondoa.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu. Dakika tatu zile, mwanetu, leo zingetutosha.