Mama Anataka Kusimamia Mazoezi ya Nyimbo za Maziko Yake

Mshauri wangu mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe mwandiko maana naandika juu ya meza ya kushonea, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi kwa sababu nyumbani kwetu hapakaliki. Mimi ni fundi cherehani, nashona majoho ya kwaya na sare za shule, na mama yangu ndiye mwalimu wa kwaya kanisani kwetu tangu sijazaliwa, yaani watu wazima wenye wajukuu bado wanamwogopa, akiinua kidole kimoja tu kanisa zima kimya. Sasa mama anaumwa, na si ugonjwa wa kuinuka kesho, daktari alituita mimi na kaka akatuambia bila kuzunguka kwamba wao wamefika mwisho wa uwezo wao, tumrudishe nyumbani, tumpe dawa za kutuliza maumivu na tukae naye karibu, na mama mwenyewe aliuliza akaambiwa, akasema asante daktari, kisha akauliza kama chai ya maziwa anaruhusiwa.

Kaka yangu ndiye kiongozi wa kikundi cha maombi, na ni mtu wa chuma kweli, hata kazi yake ni kuchomelea mageti, basi siku tuliyomrudisha mama alisimama sebuleni akatangaza kwamba ndani ya nyumba hii neno kifo halitajwi, atakayelitaja ndiye anayelikaribisha, na mwenye imani haba abaki nje. Kila jioni wanakuja, wanakizunguka kitanda, wanakemea ugonjwa kwa sauti mpaka vikombe vinagongana kabatini, na wanatupenda, sikatai, mmoja wao hunifulia mashuka hata sijamwomba, lakini mama akiwasikia tu mlangoni anafumba macho anajifanya amelala. Nilimuuliza, mama, mbona unawafanyia hivyo? Akasema, "Mwanangu, nikifumbua watanitaka niseme nimepona, na mimi uongo siujui, hata besi wakiimba vibaya huwa nawaambia."

Alikuwa amenyong'onyea kabisa, hali chakula, hasemi, uso ameugeuzia ukutani. Halafu juzi nilikuwa nampunguzia gauni la kulalia, futi shingoni, pini mdomoni, mara akanishika mkono akasema, "Hilo achana nalo, kaniletee joho langu la kwaya. Ndilo nitakalozikwa nalo, na ulipunguze kiunoni, siendi mbele za Bwana nimevaa gunia." Nusura nimeze pini! Mimi machozi yananilengalenga, yeye anacheka! Kisha akaketi, mshauri, akaketi mwenyewe bila kushikwa, akaanza kutaja nyimbo anazozitaka, ipi ianze, ipi iimbwe wakati wa kushusha sanduku, akasema, "Na Jumamosi kwaya nzima waje humu chumbani wazifanyie mazoezi nikiwasikia. Nawajua wale. Besi itatangulia, wengine watakimbia kuifuata, na mimi nimelala ndani ya sanduku siwezi hata kuinua kidole!" Tulicheka mpaka akakohoa, nikamkanda mgongo, akaomba chai, akaimaliza, akaomba tena. Tangu hapo uso umechangamka kama wa bibi harusi, nikipita na mswaki ananiuliza, "Joho limefika wapi?"

Nikampigia simu kaka akiwa kazini nikamweleza. Aliwaka! Akasema, "Wewe unamzika mama mzima?" Akaagiza joho lirudi kabatini, akasema kwaya ikikanyaga pale yeye haingii tena nyumba ile, na wana kikundi wamepata habari, wananitazama kama mtu aliyemwachia mwizi mlango wazi. Kaka mwenyewe ni mwimbaji, ndiye anayeongoza besi, lakini tangu mama augue hajakanyaga mazoezini, anasema atarudi siku mama atakaporudi. Na kinachoniuma zaidi, hakai na mama wakiwa wawili tu, anakuja na kikundi anaondoka na kikundi, nikimwambia kaa naye kidogo anakumbuka geti la mtu.

Mshauri, mimi naamini Mungu anaponya, nimeona kwa macho yangu, na kila siku naomba amponye mama, sasa nikishona joho hili nitakuwa nimeacha kuamini? Na nisiposhona mama si atageukia tena ukutani? Joho liko mezani, nimeshafumua mishono ya ubavuni, nimekwama hapo. Nifanyeje?

Fundi wa Majoho

MSHAURI ANAJIBU

Fundi,

Marahaba, mwanangu. Pangusa machozi, tia uzi kwenye sindano, na ushone! Haya, sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, maziwa yakachemka yakamwagika, na sikujali. Nimemsomea mume wangu, akaacha kula. Unajua ni watu wangapi wananiandikia wakiuliza jinsi ya kukutana na kifo bila kufa kwa hofu kwanza? Mama yako anauliza habari za kiuno cha joho! Huyo ni mtu anayejua anakokwenda na nani anamsubiri mlangoni. Mungu na apewe sifa, na wewe unaniuliza kama umekosa imani?

Hujakosa. Bwana wetu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, akaomba kwa jasho, kwa hiyo kuomba tuepushwe si kosa hata kidogo. Lakini usiku uleule, kabla ya kutoka kwenda bustanini, alipokuwa bado chumbani na rafiki zake, waliimba. Alijua kinachomngoja, na aliimba nao. Nani basi katika kikundi chenu atamfundisha mama yako imani kubwa kuliko hiyo?

Kwa hiyo endelea kumwombea apone, asubuhi na jioni, mpaka pumzi yake ya mwisho, na hata hapo mshukuru Mungu. Na joho lipunguze. Ila sikiliza, wewe ni fundi, utanielewa: usikate kitambaa. Kikunje ndani, uache nafasi ya kutosha. Akiinuka na kunenepa utaliachia, ataimba nalo Jumapili, na sisi tutapiga vigelegele. Asipoinuka, atakwenda amependeza. Mungu hatakasirishwa na mshono wako.

Sasa hao wa kikundi. Wapendwa, najua mnasoma gazeti hili. Anayefua mashuka ya mgonjwa anahubiri vizuri kuliko anayetingisha vikombe. Lakini mmemfunga mwalimu wenu mdomo ndani ya nyumba yake mwenyewe, mpaka anajifanya amelala! Hamwoni haya? Ingieni taratibu, vuteni viti mkae, muulizeni anataka mumwombee nini, kisha mwombeeni hicho. Ugonjwa si kiziwi, na Mungu pia si kiziwi.

Nakurudia wewe, Fundi, maana na wewe nina neno lako. Habari kama hiyo unampa mtu kwa simu, akiwa kazini na moto mkononi? Ulitegemea aseme nini, amina? Umemwona kaka yako kama ukuta tu. Umeandika kwa mkono wako kwamba hathubutu kukaa na mama yake wakiwa wawili, na bado hujamwelewa? Huyo si mkatili, na imani yake si ya uongo. Anaogopa. Ni mtoto anayekaribia kubaki bila mama, na zile kelele ndizo zinazomsaidia asisikie hilo.

Na soma tena barua yako mwenyewe! Mama anataka kurekebisha besi. Besi inaongozwa na nani? Kwaya nzima ina sauti zake, lakini yeye kinachomkosesha usingizi ni ile besi inayotangulia. Mwanangu, mama yako anamwita kijana wake. Anataka asimame pale mbele ya kitanda anapoweza kumtazama usoni, na katika nyumba ambayo kwaheri imepigwa marufuku, amepata njia ya kumwita bila kulitaja lile neno. Nilipofika hapo nililia, nakwambia kweli.

Basi leo hii usimpigie simu. Nenda kwenye karakana yake, msubiri azime mashine na avue miwani yake ya kazi. Usimwombe ruhusa na usimhubirie. Mwambie, "Mama anasema besi bila wewe haiendi, na ukiwepo unaikimbiza, anataka kukunyoosha Jumamosi." Mwambie hivyo tu, kisha nyamaza. Akifoka, mwache afoke. Akilia, mshike. Akiondoka bila kujibu, usimfuate, mwekee nafasi yake.

Jumamosi alasiri mpe mama dawa ya maumivu mapema kama daktari alivyoelekeza, fungua madirisha, na mwenye mafua abaki uani aimbie huko. Wakae wanaoenea, wengine wasimame hadi sebuleni. Kikundi cha maombi kifungue kwa sala, ndiyo, hao hao, ni ndugu zenu. Mvalishe mama joho lake aone kiuno kilivyokaa. Akionyesha kuchoka, simamisheni, hata kama ni katikati ya ubeti.

Kaka yako ataingia. Huenda akachelewa, huenda akaja na nguo za kazi, lakini ataingia. Msigeuke kumtazama. Na besi ikitangulia, maana itatangulia, mtu yeyote asimkonyeze wala kumgusa bega. Mwacheni mama amrekebishe mwenyewe.