Panda Mbaazi, Mnazi wa Nini

Kaka yangu,

Shikamoo sikupi leo. Nimekuamkia miaka yote ya uhai wako, inatosha.

Jana nimenunua mbaazi sokoni. Mimi, mtoto wa mashamba ya Zinga, nimesimama mbele ya meza ya watu napimiwa mbaazi kwa kopo. Nimezipika kwa nazi, zikanishinda kula, ndipo nikakaa kukuandikia.

Unakumbuka baba alivyotufundisha? Wewe mbele unachimba, mimi nyuma natia mbegu tatu tatu katikati ya mahindi, nafukia kwa unyayo. Mahindi yakishavunjwa, mibaazi ndiyo kwanza inachangamka. Tulizila mbichi huko huko shambani, na mama akiuliza, wewe unadakia, "Ngedere hao, mama." Ulinitetea siku hizo. Nilikupenda, kaka, nisiseme uongo.

Baba alipofariki nilikuwa nimesharudi nyumbani na talaka yangu. Ukanionyesha upande wa bondeni, ukasema, "Lima hapa, hapa kwenu." Nikakwambia nataka kupanda minazi, japo miwili. Ukacheka. "Mnazi wa nini, mdogo wangu? Utazaa lini? Panda mbaazi, mwaka haupiti unakula." Nikaona unanihurumia. Mwaka wa pili nikauliza tena, jibu lile lile. Na wewe kule juu unachimba mashimo ya minazi yako.

Miaka kumi na moja nimelima mbaazi. Nikishavuna nakata mashina, naacha visiki vya magotini vichipue tena. Mwaka mibaazi ilipogoma kuzaa nililaumu mvua, ukanitania mbele ya wifi, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Tukacheka sote.

Kumbe ulikuwa na lako. Aliyeazimwa shamba hapandi mti wa kudumu, maana mwenye mti ndiye mwenye ardhi. Nani wa pwani hii asiyejua hilo? Hata mimi nalijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba nimeazimwa shamba la baba yangu mwenyewe.

Siku walipokuja watu wa viwanja, mibaazi ilikuwa imenipita kimo, imejaa maua. Mjumbe akaniuliza, "Mama, mti wako hapa ni upi?" Nikamwonyesha. Akainamisha uso. "Mbaazi si mti, mama. Kaka yako ameonyesha minazi, na sahihi ya kuuza ameshatia." Nikakupigia simu. Ukasema uko na watu, utanipigia. Hukupiga. Katapila likapita kabla maua hayajafunga.

Fungu langu kwa baba limo kwenye Kurani, kaka. Halikuwa hisani yako. Wewe msomaji wa hitima za watu, aya hiyo uliirukaje?

Mwezi uliopita ukafa. Nilikuja, nikakaa jamvini na wenzangu, nikalia, maana damu ni damu. Kabla jeneza halijatoka, shehe akasimama mlangoni akauliza, "Marehemu mmemsamehe?" Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Wifi, aliyekuwa amenishika mkono, akanigeukia. Akangoja. Nikasema na mimi, kwa sauti, wasikie wote, "Nimemsamehe."

Tangu siku hiyo nikinyanyua mikono kukuombea dua, nikifika kwenye jina lako ulimi unakwama. Najua huko uliko unaihitaji radhi yangu kuliko ulivyowahi kuhitaji shamba. Sasa nakwambia wewe peke yako, wao waache na walichosikia: nilisema uongo. Sijakusamehe.

Nduguyo wa tumbo moja.