Sufuria ya Musonda

Siku ya kazi moja, 1 mars 1976

Niandike, ao nitapasuka. Nyumba si yangu, ni ya mukwe — na mu nyumba ya mukwe, muzee anameza maneno sawa dawa.

Mama ya mukwe wangu Edouard amefika na train ya Kamina. Mama Marceline. Mabegi, kuku mbili mu kikapu, na mudomo. Hajakaa hata pa kiti, amefunua sufuria ya mujukuu wetu Musonda.

— Ee Yezu! Mutoto ya mutu wa kazi anakula majani? Huyu ni mutoto ao ni mbuzi?

Mbuzi! Nilitwanga kalanga mpaka bega ikalia, nikapika na lengalenga mubichi, na malenge ya kuponda. Mbuzi gani anatwangiwa kalanga? Munionyeshe, nihamie kwake.

Musonda hajafika myaka mbili. Maziwa inamuharisha. Nyama anatema, samaki anatema, yai anatupa chini. Ana jina ya marehemu bibi yangu, na bibi yangu naye, tangu namuoa, hivi vyote vilikuwa muzio yake. Jina ya muntu inakuja na tumbo yake. Kwetu hata kichaa anajua. Julienne, binti yangu, ni infirmière ku maternité, anazalisha banamuke, anatoka na giza, anarudi na miguu imevimba. Nani anapika? Mimi! Muzee mwenye alikuwa akiendesha locomotive! Bapadri walinipa darasa ine, hawakunifundisha mwiko. Nimejifundisha.

Nilimujibu na heshima yote: Mama, mbuzi ya hapa inasemaka bonjour kwanza. Julienne alinikanyaga muguu.

Kazi mbili, 2 mars

Kupika kwa mutoto si siri ya bazungu. Maharagi nalowesha jioni. Kesho yake inaiva mbele makala ya jiko haijageuka majivu. Naponda na malenge, kitunguu, chumvi ya kuonja tu, kalanga juu. Matembele kando. Ndizi ya kuiva kwa kumaliza. Julienne anarudi, chakula iko moto, mutoto ameoga, muzee ameungua vidole. Anamulisha na blouse nyeupe ingali mu mwili, kisha analala palepale pa kiti.

Leo alikuta sufuria nusu. Nilijaza mimi mwenyewe! Aliniuliza polepole kama labda nilikula. Mimi! Nikikula chakula ya Musonda, Musonda akule nini — gazeti?

Kazi tatu, 3 mars

Tena nusu. Wakati nalaza mutoto mchana, mutu anapita. Namujua: Mama Marceline anamwangia kuku zake. Zinanenepa. Zinaniangalia na dharau.

Na yeye alirudi ku misa na majivu pa uso, akatangaza: leo hakuna nyama mu hii nyumba, ni mwanzo wa kwaresima! Akakula sombe, majani ya muhogo, na bukari, ugali yetu, sahani mbili, akapangusa mudomo.

Mutoto akikosa nyama ni mbuzi. Yeye akikosa ni mutakatifu! Nimekohoa mpaka machozi.

Kazi ine, 4 mars

Bic inatoboa karatasi, si uzee.

Nilienda kuchuma matembele yangu kando ya muto Naviundu. Kurudi, Musonda amelala sawa kitambaa ya kufuta meza. Mama Marceline alimunywesha maziwa ya unga, kikombe nzima, na mchuzi ya samaki ya kukauka. Kumupa nguvu! Nguvu yote ilitoka kwa chini. Nilipika uji ya mchele, mwepesi, nikamupa kijiko kwa kijiko mpaka jua ikashuka. Mama yake alikuwa akipokea batoto ya bengine.

Na Mama Marceline? Haya hana!

— Munaona? Mumemuzoeza majani, tumbo imekufa. Siku ya Mungu napanda naye train. Kamina kuko ng'ombe. Mutoto ni ya kwa baba yake.

Julienne alilia. Edouard alitazama viatu yake, sawa vile viatu itamujibia.

Na mimi siwezi kumushika shati. Buko! Kwetu baba-mukwe na mukwe hawabishane uso kwa uso, hawaonane wakikula. Na chakula yenye jamaa yetu inapika, mukwe hawezi kugusa mpaka banamuke yetu bamuletee matebeto, sufuria za kumuingiza mu jamaa. Haikufanyika. Bibi yangu ndiye angepika, na alikufa kabla. Basi tunasemeshana kupitia mutoto.

— Musonda, ulizia baba yako ulimi yake iko wapi. Aliuacha ku kazi?

— Musonda, ambia kambo, babu yako: mama ni mama.

Musonda alisema "ba". Alitushinda akili sisi bote.

Kazi tano, 5 mars

Nilitega. Chakula ya kweli nilificha chini ya kitanda yangu. Ile ya mu sufuria nilitia pilipili — ile kidogo ya Mokambo, yenye kumukumbusha muntu siku ya batisimu yake. Nikajificha nyuma ya choo, nangoja kumusikia Mama Marceline akiimba.

Mama Marceline alikuwa ku kanisa, ku njia ya musalaba.

Nikasikia mbio. Mutu ameinama ku robine, mudomo wazi, anavuta maji sawa ng'ombe za Kamina. Na salopette ya kazi. Na kalanga pa kidevu.

Edouard!

Mukwe wangu! Mu sufuria yangu! Bila matebeto! Kwetu hii ni sawa kumukuta baba-mukwe anaoga. Nilifunika macho na mikono. (Vidole niliachanisha kidogo.) Nilicheka mpaka choo ikatingishika.

Kisha hasira ikarudi, kubwa kushinda ya jana. Siku hizi zote mama yake anatukana hii chakula, yeye kimya — na chakula yenyewe iko mu tumbo yake! Anataka kupandisha mutoto mu train sababu ya sufuria yenye analamba! Kuku, munisamehe.

Siku ya posho, 6 mars

Asubui walitutoa bote ku salongo, kazi ya bure kwa amri ya Chama, kufyeka majani ya barabara. Hata pale Mama Marceline alinitupia: Muzee, usimalize yote, ubakishie mutoto ya kula!

Bantu walicheka. Edouard aliinama na jembe. Alikuwa na Musonda pa mugongo, amepona, anavuta masikio yake.

— Musonda, ambia kambo... muntu akitoka ku moto ya four, kuyeyusha shaba, njaa haina buko.

— Musonda, ambia baba yako: njaa haina buko, lakini iko na mudomo. Mudomo ya kula iko. Ya kusema iko wapi?

Alifyeka kwa nguvu zaidi. Masikio ilikuwa nyekundu, si Musonda peke yake aliyaivisha.

Neno moja kwa mama yake, ningemumaliza. Lilikuwa pa ulimi, tamu! Nimelimeza. Mwanaume ukimuvua nguo mbele ya mama yake, atapandisha mutoto mu train kwa hasira tu.

Hapana. Kama amekula kabla ya matebeto, matebeto itamufuata. Dada zangu biko Mokambo, mvua imekata njia. Basi nitapika mimi. Mama Edith, jirani, alicheka mpaka akakaa chini.

— Kambo! Matebeto ya mwanaume? Na bila kuku? Mukwe atasema munamuchukia!

Niliangalia zile kuku mbili. Ziliniangalia. Hapana. Itakuwa chakula ya Musonda, ile ile. Akikula mbele ya mama yake, na bantu banaona, na mudomo gani atasema tena mutoto yake anakufa na njaa? Akikatala, basi. Nimejua mutu niliyemupa binti yangu.

Mama Edith alikubali kubeba. Matebeto haipiti pa kichwa ya mwanaume. Hiyo nayo ingekuwa kupita mupaka.

Siku ya Mungu, 7 mars

Niko nyuma ya mulango ya kikoni, uso kwa ukuta, Bic mu mukono, karatasi pa goti. Buko: siwezi kumuona akikula. Kuandika haijakatazwa. Masikio nayo haijakatazwa.

Maharagi na malenge. Lengalenga na kalanga. Matembele. Bukari. Nilipika toka jogoo, nikatukana kila kuni. Valizi ya Musonda iko pa mulango ya mbele, imefungwa kamba.

Mama Edith amepita sasa hivi, sufuria pa kichwa, na vigelegele ya kuamusha mutaa yetu yote ya Kenya. Amepiga magoti pa mukeka, nasikia.

— Nini tena? Majani? Siku ya Mungu?

— Ni matebeto, mama. Ya mukwe.

— Nani amepika?

Mama Edith, usicheke. Nakuomba.

— Baba yangu, anasema Julienne. Na sauti yenye sijaisikia toka mama yake alikufa.

Maji inamwangika mu basani. Mutu ananawa mikono. Kifuniko.

— Edouard! Huyo ni Mama Marceline. Kisha chini, sawa anamubembeleza mutoto: Edouard...

Bukari haina sauti mu mudomo. Sisikii kintu! Hii chakula ya kimya itaniua.

Viatu. Nzito, za ku four. Zinakuja huku. Zimesimama upande ingine ya mulango.

— Musonda, ulizia kambo kama chini ya sufuria ya kikoni kunabakia kidogo. Na umuambie, leo amesahau pilipili.

Nakwaruza, nakwaruza. Sigeuke. Na kule mbele nasikia kamba ya valizi inalia mu mikono ya Mama Marceline. Kufungua ao kukaza — sauti ni moja —