Safari Bila Kamba

Tabora, 14 Novemba 1951. Asubuhi ya mawingu, mvua bado.

Kaka Dionis, shikamoo.

Karanga tumepanda, na yule mbuzi aliyetoka Kigwa amezaa mapacha. Nilikuandikia kwamba mama ana malaria. Nisamehe, nilikuficha. Anasikia sauti za watu wasiokuwepo, na hajalala siku tatu. Nikitaja hospitali ya wagonjwa wa akili, hujifungia ghalani. Leo nikamwuliza kama anaogopa dawa.

“Dawa nitakunywa hata shubiri! Lakini wagonjwa wanaopelekwa huko wanapandishwa treni wamefungwa kamba. Baba yangu alibeba pembe mpaka Bagamoyo, mpagazi wa mshahara. Waliofungwa kamba walikuwa watumwa. Nifungwe mimi, stesheni nzima ikitazama?”

Nikamleta mganga wa zahanati. Akamwapia kwamba anayekwenda kwa hiari yake, pamoja na ndugu, hafungwi. Mama akamhoji kama hakimu, kisha akanigeukia.

“Josepha, utakaa ubavuni pangu. Akitokea mtu na kamba, tunashuka.”

“Tunashuka, mama.”

Tunaondoka Jumamosi. Utuombee.

Mdogo wako,
Josepha

Mama amepata usingizi saa nane na nusu mchana.